Turubai Juu ya Kitabu

Jumanne, 14 Oktoba 1975

Mbalamwezi. Mitumbwi imelala mchangani, na Kasongo wangu amelala ndani. Mwezi ukiwaka wavuvi wa dagaa hawana kazi, na sisi waanikaji hatuna cha kuanika. Ndizo siku zangu za kusoma — ila sina cha kusoma!

Leo dukani wamenifungia sukari kwa gazeti. Sukari nimeimwaga kwenye bakuli, karatasi nikaisoma nimesimama mlangoni. Mtu kakamatwa stesheni na jeneza, na ndani ya jeneza hamna maiti. Sasa mna nini? Karatasi imeishia hapo. Nusu ya pili ilifungia chumvi ya jirani yangu Veneranda. Nimekwenda mbio. Kumbe ameshawashia moto. Nimemuuliza, hata hukuitupia jicho? Naye kaniuliza tangu lini mtu akakagua karatasi ya kuwashia moto.

Kasongo kacheka mpaka kakohoa. Anasema alioa binti wa Kalinzi akitegemea kahawa na maharage, akaletewa mtu anayesoma vifungashio.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimezunguka leo. Vitabu vya dukani mjini ni vya kuuzwa, nimeviangalia tu kupitia kioo. Ofisi ya chama wamenipa tena kile cha kuchimba choo. Nimekwisha kukisoma mara mbili. Nadhani Kibirizi nzima hakuna anayejua choo kunizidi, na bado chetu kinavuja.

Misheni, sista mmoja mwema kanipa maisha ya mtakatifu. Nilikisoma darasa la nne kule Kalinzi. Nimekisoma tena njiani. Anakufa palepale.

Halafu Ujiji, kwa Mzee Mwinshehe. Watu walisema ana kabati zima la vitabu. Kweli analo! Nimemwamkia, kanipa kahawa, kafungua kabati. Vyote vya herufi za Kiarabu. Akawa anashika kimoja, ananisomea mstari, ananifasiria, anakirudisha kama anayelaza mtoto. Nadhani aliuona uso wangu. Akasema yeye naye herufi zangu hazijui, kwa hiyo tusioneane wivu.

Nimerudi mikono mitupu. Lakini moyo mweupe, sijui kwa nini. Labda ni ile kahawa.

Jumatano, 22 Oktoba

SANDUKU LA VITABU!

Mwalimu Anatoli wa kisomo cha watu wazima kalipokea leo. Ni la kuzungushwa vijiji vya kando ya ziwa. Kuazima ni bure. Mtu mmoja, kitabu kimoja. Litakaa kwetu mpaka Jumamosi ya tarehe 8 Novemba, halafu mtumbwi wa Nikodemu utalipeleka kaskazini. Mwalimu kasema kitabu kimoja kikipotea au kikiharibika, sanduku halirudi tena Kibirizi. Alisema hayo akinitazama mimi. Mbona mimi?

Nimechagua kinene kuliko vyote. Hakina jalada, sijui hata kinaitwaje.

Nilimshika mkono wifi yangu, Marsiana, tukaenda wote. Ni dada mkubwa wa Kasongo, mjane, nyumba yetu na yake ukuta mmoja. Mtihani wa kisomo wa Agosti aliufaulu, lakini tangu siku ile anasoma majina ya watu kwenye magunia tu. Mwalimu kamwambia chagua, mama. Kasema ana kazi. Kashika kimoja, kakipima uzito kama kuku wa sokoni, kakirudisha.

Jumatatu, 27 Oktoba

Giza limerudi, na dagaa wamerudi. Alfajiri ufuko mzima ulikuwa unang'aa. Kasongo kaja macho mekundu kwa moshi wa karabai za kuvutia dagaa, kala, kalala.

Dagaa wa leo ni wa Marsiana, kanunua yeye. Mimi namsaidia kuanika na kulinda, naye hunigawia changu. Kulinda ndiyo kazi nzuri kuliko zote duniani. Unakaa. Unafukuza kunguru. Unafukuza kuku. Unageuza dagaa. Unakaa tena. Na leo nilikaa na kitabu!

Ni habari za mwanamke anaitwa Tatu. Mumewe kafa, na kabla ya arobaini mashemeji wameingia ndani. Wamebeba kitanda, wamebeba milango. Milango! Tatu kalala usiku mmoja kwenye nyumba isiyo na mlango, na asubuhi kajifunga kanga mbili, kaenda mahakamani peke yake, kwa miguu. Nilikuwa natembea naye. Kuku wa Veneranda wamekula dagaa kidogo upande wa kushoto. Nimewasambaza wengine kuziba pengo.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimeharibu.

Tatu alikuwa mbele ya karani, na karani anamwambia arudi na shahidi mwanaume. Nilikuwa na hasira, sikuinua kichwa. Mvua ilitoka nyuma, mlimani, nasi siku zote tunatazama ziwa. Tone la kwanza lilianguka kwenye ukurasa. Nikaruka, nikavuta turubai, nikalitupa — juu ya kitabu. Na juu yangu. Nikakaa chini ya turubai zima nimekumbatia kitabu, nasikia mvua inapiga, nasema moyoni asante Mungu, sanduku litarudi.

Ndipo nikawakumbuka dagaa.

Wenzangu wote walikuwa wamekwisha kufunika. Wa Marsiana tu ndio waliolowa, wote. Jua lilipotoka wakawa wa njano, vichwa vinakatika ukiwashika. Mchuuzi wa kwenda Tabora kawanusa, kapita.

Marsiana alikuja, akasimama. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema, "Kitabu yako iko mukavu?"

Nikasema ndiyo, dada.

"Basi uipike."

Alhamisi, 30 Oktoba

Marsiana hasemi nami. Anapitisha salamu kwa Kasongo. Kasongo, mwambie mkeo chumvi iko wapi. Na mimi nimesimama palepale nimeishika. Kasongo maskini anataka kulala tu. Kasema kati ya dada na mke, bora karabai, inawaka na kunyamaza.

Nimempa fungu langu lote la leo. Kalipokea bila kuniangalia. Nina haya. Dagaa wale walikuwa jasho lake, na mimi nililinda karatasi.

Jioni Veneranda kanifuata. Nilidhani kaja kunicheka. Kumbe anataka kujua kitabu kina nini hasa mpaka mtu na akili zake akifunike badala ya dagaa. Nikamweleza habari za Tatu. Nilipofika kwenye milango akakaa chini. Nilipofika kwa karani akaitikia kwa Kiha, "Ego, hao nawajua," kisha akataka nimsomee.

Jumapili, 2 Novemba

Tumeafikiana. Mimi nasoma kwa sauti, wao wananigeuzia dagaa na kuangalia mlima. Leo baada ya misa tulikuwa wanne, wakaja na wengine, Waislamu kwa Wakristo, kila mmoja na kigoda chake na maoni yake. Nusu yao wanasema Tatu angekubali kurithiwa na shemeji mdogo, yaishe. Veneranda kawaambia waende wakarithiwe wao. Sikufika mbali kwa kubishana huko. Nimefurahi sana! Sijapata kusoma hivi. Peke yangu nilikuwa namwonea Tatu huruma. Pamoja nao tunampangia la kusema.

Marsiana yuko upande wa pili wa turubai, ametupa mgongo. Anachambua dagaa waliokwisha kuchambuliwa.

Jumanne, 4 Novemba

Kigoda cha Marsiana kimesogea upande wetu.

Tumebakiza kurasa nyingi, na Jumamosi haisogei. Nimemwomba Mwalimu Anatoli atuongezee siku. Kasema sanduku si lake, kule kaskazini nao wanalingoja. Ni haki yao. Lakini leo sikumwona kuwa mwungwana.

Ijumaa, 7 Novemba

Sauti imekatika. Tangu jana nasoma kama chura. Veneranda kaniletea tangawizi, mwingine asali, hazikusaidia. Sura ya mwisho bado, na leo nilipofungua mdomo ulitoka upepo. Wote wamekaa, wananiangalia koo. Kati yetu sote, wa kusoma kwa sauti nilikuwa mimi tu. Nikafunga kitabu.

Hapo Marsiana akasema, mara ya kwanza tangu mvua ile, na akasema nami si na Kasongo:

"Ule mwanamuke. Walimuachia hata sufuria?"

Nikatikisa kichwa. Hapana, hata sufuria.

"Mimi waliniachia sufuria," akasema.

Akanyanyuka, akaenda kufunika dagaa wake.

Nimeolewa hapa miaka yote hii, na najua tu kwamba mumewe alifia ng'ambo, Kongo, naye akavuka ziwa kurudi kwa ndugu zake. Ile sufuria kubwa iliyobonyea, anayochemshia maji, haazimi mtu. Mimi nilifikiri ni uchoyo. Nimelia kidogo jikoni, Kasongo akidhani ni moshi.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika hapahapa mchangani, kwa sababu sina sauti. Mtumbwi wa Nikodemu uko majini tayari, abiria wameshapanda, wananung'unika. Sanduku liko miguuni mwa Mwalimu Anatoli, limefunguliwa, na ndani kuna pengo la kitabu kimoja. Kaja kukichukua mwenyewe. Nilikuwa nimekifunga kwenye kanga safi, kikavu, hakina hata doa la dagaa. Nikamnyooshea.

Kikapokewa njiani. Na Marsiana.

Kakaa kwenye kigoda, kakifungua magotini, kauliza sura ya mwisho inaanzia wapi. Nikamwonyesha. Kaweka kidole chini ya neno la kwanza, kidole kile kinachosoma magunia, na kaanza. Anasoma kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Anafika neno refu, anasimama, anarudi nyuma, anakanyaga tena. Wanawake wote wamemsogelea. Mwanzoni niliogopa watamcheka. Veneranda mwenyewe midomo inamwenda, anasukuma silabi pamoja naye.

Mara mbili nimetaka kumnong'oneza neno. Mara mbili nimejiuma ulimi.

Nikodemu kapaza sauti kutoka majini kwamba ziwa litachafuka. Mwalimu Anatoli kamwashiria asubiri. Halafu naye kakaa juu ya sanduku.

Tatu yuko mbele ya hakimu. Shahidi mwanaume hakuja. Kasema shahidi wake ni kuta za nyumba, alizikandika kwa mikono yake, waende wakaangalie alama za vidole. Marsiana kaisoma sentensi hiyo mara mbili, na mara ya pili hakusimama hata kidogo. Hakimu anafunua makaratasi.

Na mlimani kumekuwa kweusi.

Leo dagaa ni wengi kuliko siku zote za giza hili. Wa Marsiana ndio wengi zaidi, wako wazi, ufuko mzima. Turubai tumelikalia. Nimemgusa bega, nimemwonyesha mlima. Katazama wingu. Katazama dagaa wake. Kanitazama mimi, kisha kavuta kanga begani, kakifunika kitabu mpaka kwenye mstari anaosoma, na kidole kakirudisha mahali pake.

Tone limeanguka kwenye daftari hili. Jingine. Naona wanawake wanaangalia dagaa, kisha wanamwangalia Marsiana. Hakuna aliyeinuka. Sasa hakimu kainua kichwa, anasema, na Marsiana anamfuata, neno kwa neno, mvua inaanza,

"Nyu-mba hi-i ni ya —"