Salamu Tulizozifuta

Ghorofa ya Pili, Juu ya Duka la Miwani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mgongo je, umepata nafuu? Sisi hatujambo. Mama anatembea vizuri, ila sikio la kushoto limekuwa zito, na asiposikia anatulaumu kwamba tunanong'ona.

Kazini hali si nzuri. Tovuti uliyoianzisha kwenye meza ya kulia ya mama imebaki jina. Zamani mtu akifungua kompyuta anaanzia kwetu: habari, nafasi za kazi, salamu. Watu walipohamia kwenye simu, wakawa wanapata kila kitu hukohuko kwenye mitandao yao, na matangazo yakawafuata. Tukajaza umbea, tukaja na michezo ya kubahatisha, sasa tunawataka walipie hata kusoma habari za mvua. Hawalipi.

Lakini si hayo yaliyonikalisha kuandika. Ni ule ukurasa wa salamu, ambako watu waliwaandikia jamaa zao walio mbali.

Yule wakala wa matangazo aliposema salamu haziuziki, nilikubali zifutwe. Ukaniambia, "Dada, hao ni watu." Nikakujibu mbele ya wafanyakazi kwamba huruma hailipi umeme. Ukaondoka, na kwa miaka sita tumekuwa tukijuliana hali juu juu tu.

Jumanne alikuja ofisini mama mmoja mshonaji, sindano bado zimechomekwa kwenye ukosi. Baba yake alikuwa akifanya kazi mbali, na kila Jumamosi alimwandikia binti yake huyo kwenye ukurasa wetu. Mzee amefariki mwezi uliopita. Binti alitaka nimchapie zile salamu awasomee wanawe.

Nikamwambia hazipo.

"Hata moja?"

"Hata moja, mama. Tulifuta zote."

Hakugomba. Angegomba ningepumua. Akaniuliza, "Basi niambie tu alikuwa akimalizia vipi. Kuna neno alikuwa akilirudia mwishoni, limenitoka."

Hilo neno sikuwahi kulisoma, Kaka. Wewe ndiye uliyekuwa ukizisoma moja moja kabla ya kuziweka ukurasani. Mimi nilikuwa naangalia idadi ya waliofungua.

Ulikuwa sahihi, nami nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe. Nimechelewa kusema, najua.

Nimemwambia yule mama kwamba nina kaka ambaye huenda anakumbuka. Baba yake alijiita Fundi Saa, akiandika kwa herufi kubwa tupu. Ukilikumbuka hilo neno, niandikie, nitampelekea mwenyewe mpaka kwenye cherehani yake. Usipolikumbuka, niandikie vilevile.

Mama anakusalimu sana, na shangazi pia. Mpe wifi mkono wangu, wabusu watoto. Mungu awafunike kwa amani hapo mlipo.

Wako akupendaye, hata pale nilipokosa kuonyesha upendo huo,
Mdogo wako