Anwani Moja, Wenyewe Wawili

Jumatatu, 4 Machi
Seva ya mafaili ya hospitali ina wazimu tangu Ijumaa. Picha za eksirei zinafunguka nusu, kisha – kwishnei! Leo daktari wa mifupa kanipigia akifoka: mgonjwa yuko mezani, picha ya mguu haionekani, akate wapi? Ananiuliza mimi!

Mkuu wa idara keshamwona mchawi: mwenzangu Mrefu, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuigusa seva. Kamrudisha nyumbani, eti apishe uchunguzi. Uchunguzi gani? Mchunguzi ni mimi, na sijaanza!

Jumanne, 5 Machi
Diski nzima. Nafasi ipo. Nimebadilisha waya, nimehamisha tundu kwenye swichi ya mtandao. Napiga ping, naibishia hodi – inajibu, inajibu, kimya. Kimya. Inajibu. Inanicheza shere!

Mkuu kapita: bado tu? Nikamwomba amrudishe Mrefu, wawili tutamaliza upesi. Akacheka. Hawezi kumkabidhi fisi bucha.

Jumatano, 6 Machi
Mke wa Mrefu kapiga simu. Hakulia. Kasema tu mumewe amekaa uani tangu asubuhi.

Hasira zikanipa akili. Nikaiacha seva, nikakaa kwenye kompyuta ya eksirei, nikauliza mtandao: nani mwenye anwani ya seva, ile namba yake ya mtandaoni? Wakajibu wawili. WAWILI! Seva yangu, na kidude fulani kilichojipa anwani ileile. Kikidakia chenyewe, maombi ya picha yanakwenda kwake na kupotea. Mrefu hana kosa hata chembe! Mwenye kidude hicho atanitambua.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefuata waya toka kwenye swichi, juu ya dari, mpaka wodi ya watoto. Nyuma ya kabati la mashuka: kisanduku cha waifai, taa zinamwekamweka. Nikapayuka, "Nani kaweka uchafu huu?"

Wodi nzima ikageuka. Mama mdogo akatua trei yake. Mama mdogo wangu – muuguzi mkuu wa wodi, aliyenilea tangu mama afe.

"Ni mimi, mwanangu. Kina mama humu wanauguza miezi. Wanataka kuwaona wale waliowaacha nyumbani. Nimekinunua mwenyewe, Ijumaa. Kwani vibaya?"

Vibaya! Nilimpigia kelele mbele ya wagonjwa wake, mimi, mtoto wake. Kuna mtu kapasuliwa kwa kubahatisha! Kuna mwingine kaitwa mharibifu! Akakaa kitandani, taratibu. Hakujua.

Nikauchomoa waya. Mama mmoja mwenye simu mkononi akasema, "Nesi, mwanangu ameganda."

Mkuu akapiga simu. "Ni Mrefu, sivyo?" Nikasema sivyo, naja ofisini.

Sasa tuko kwenye benchi nje ya mlango wake, ana mgeni. Nimemsihi mama mdogo arudi wodini, nitasema mwenyewe. Amekataa. Mwaka huu anastaafu – na kuna watu humu watafurahia kumtoa bila kiinua mgongo. Bado nina hasira naye. Bado nimemshika mkono. Amefunga vifungo vya sare mpaka shingoni, anauliza kama kofia imekaa sawa.

Imekaa sawa, mama.

Mgeni anatoka –