Spika ya Mlango wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Likizo, siku ya kwanza. Wiki moja tu. Nimeiomba mwenyewe, na Matroni aliniangalia sana kabla ya kutia saini. Mimi na likizo wapi na wapi!

Niandike tu, hapa hakuna wa kunisuta. Alhamisi iliyopita nilimwinamia mama mmoja wodini, nikaweka tumboni kile kipimo cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto, nikatega sikio la kushoto kama nilivyofanya miaka kumi na tisa. Kimya. Nikahamisha kidogo. Kimya. Jasho likanitoka mpaka nyayoni. Nikamwita mwenzangu wa zamu, binti aliyeanza kazi juzijuzi. Akainama mara moja tu, akasema mbona yanadunda vizuri, dada, mia na arobaini. Mtoto mzima, mama mzima. Nikasingizia kelele za feni.

Halafu jana niko njiani naendesha, redio ya gari nayo: kulia inaimba, kushoto hafifu, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Nikafurahi! Nani hufurahia spika mbovu? Mimi hapa. Maana kama ni spika, basi sikio langu zima, na ile Alhamisi ilikuwa uchovu, au mkao mbaya, au hiyo feni kweli. Na kama si spika — mama yangu alianza hivihivi, umri huuhuu, sikio hilihili. Siku hizi ukimpigia simu unaongea na dada yangu.

Mkunga asiyesikia afanye nini wodini? Atapangiwa kukunja mashuka.

Nimeamua kubadilisha spika za milango. Kwa mikono yangu. Mume wangu akauliza fundi amekosa nini. Yeye kila jambo kwake ni "taratibu", hata wodini wananiuliza Mzee Taratibu hajambo. Nikamjibu kwamba nataka kuona kwa macho yangu. Habari ya sikio sijamgusia. Akasema haya, ila taratibu.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka dukani na spika mbili. Muuza spika aliniuliza za ukubwa gani, nikamjibu za gari. Kumbe zina saizi kama viatu! Ikabidi atoke na futi yake mpaka kwenye gari, akapima mlango kwa nje, akauliza gari la mwaka gani, akarudi na boksi na pete mbili za plastiki za kuzishikizia.

Lakini hebu niandike alichonionyesha, nisije nikasahau. Alichukua betri ndogo, ya saa ya ukutani, akagusisha waya mbili nyuma ya spika. Ile karatasi ya mbele ikaruka. Pu! Akaondoa, ikarudi. Akanipa nijaribu mwenyewe. Pu. Pu. Nikauliza ndiyo hivyo tu? Akasema ndiyo hivyo tu, mama: nyuma sumaku, mbele karatasi, inasukuma hewa, hewa inakufikia sikioni. Karatasi! Miaka yote nimeimbiwa, nimesomewa habari, nimehubiriwa, na karatasi. Nilisimama pale dukani kama mshamba, nagusisha tu, mpaka mteja mwingine akakohoa.

Ameniusia mambo mawili. Waya chanya iende kwenye chanya, pande zote mbili. Na kabla ya kufunga mlango nishushe kioo mpaka chini, nione kama hakigongi sumaku. Nimeandika kiganjani kama mtoto wa shule.

Jumatano, 5 Machi

Nimeufungua! Nimeufungua mlango wa gari!

Nilianza saa nne asubuhi, na huu wa kushoto, bila shaka. Skrubu moja imejificha nyuma ya kishikio, nyingine chini ya kifuniko kidogo, zilizobaki hata sikuziona, nikawa napapasa kwa vidole. Mikono inajua kupapasa kisichoonekana, hilo silaumiwi. Halafu zikaja klipu zinazoshikilia ubao wa ndani. Unavuta, haitoki. Unavuta zaidi — TA! Nilidhani nimevunja gari zima. Nimepokea watoto hata hesabu imenipotea, ila leo nilifumba macho kwa mlio wa klipu.

Ndani yake kuna mambo! Vyuma vya kupandisha kioo, fito, waya zimefungwa kwa utepe kama nywele zilizosukwa, vumbi la miaka kumi na miwili. Kila siku naubamiza mlango huu, kumbe nabamiza mtambo mzima. Niliomba radhi, tena kwa sauti.

Juu ya yote wameacha shiti la nailoni, limebandikwa kwa gundi nyeusi. Uvivu gani huu, gari limeuzwa na nailoni yake! Kwetu kila kifaa kipya huja kwenye nailoni, unachana ndipo unatumia. Nikachana lote, nikalitupa. Pakapendeza.

Na spika yenyewe — nikaitoa, nikaigeuza juani — IMECHANIKA. Karatasi imepasuka kutoka ukingoni mpaka katikati. Nilipiga kigelegele. Mume wangu akatoka mbio, nusu ya uso ina povu la kunyolea. Akaniuliza kuna nini. Nikamwonyesha ule mpasuko kama ninayemwonyesha mjukuu mchanga. Akautazama, akanitazama, akasema hongera, mama watoto, na akarudi ndani kumalizia ndevu.

Spika mbovu! Si mimi! Nimefunga mpya. Waya nimezibandika plasta, nikaandika kama tunavyowaandika watoto wachanga: KUSHOTO, CHANYA. KUSHOTO, HASI. Nimewasha redio kidogo tu, kulia kunaimba, kushoto kunaimba, sijakaa kulinganisha. Nimechoka. Kulinganisha kesho, nikishamaliza zote mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Mlango wa kulia umenichukua saa moja na nusu tu, ule wa jana ulinichukua saa nne nzima. Nailoni nayo nimeichana haraka. Klipu moja imevunjika, basi.

Nikakaa kwenye usukani, nikawasha. Sauti ya ajabu. Safi, kila herufi inasikika, lakini haina tumbo. Ngoma zimekwenda wapi? Mwimbaji yuko kila mahali na hayupo popote.

Na kushoto bado hafifu.

Nimepandisha, nimeshusha, nimebadilisha stesheni. Hafifu. Nimekaa tu humo ndani na funguo mkononi mpaka mvua ikaanza.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua tangu jana. Asubuhi nimefungua mlango, zulia la miguuni chapachapa! Ukilikanyaga linatoa maji.

Nikampigia muuza spika. Nikamweleza kila kitu, hata nailoni. Alicheka mpaka akakohoa, nikatamani kumkatia simu. Akasema mama, ile nailoni ndiyo koti la mvua la gari. Maji huingia mlangoni kila siku, kwenye ule ufa wa kioo, yanateremka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Nailoni inayazuia yasije upande wetu.

Nilikwenda na mwavuli kuchungulia. Kweli! Matundu matatu madogo, maji yanadondoka tone kwa tone. Mlango unakunywa mvua na kuitema, na mimi miaka yote nimekaa sentimita chache kutoka hapo, mkavu, wala sijashukuru mtu. Aliyewaza jambo hili ni nani? Ana mke? Mkewe anampikia nini?

Nimekata mashiti mawili mapya kutoka kwenye mpira wa kitanda cha kujifungulia, ule niliokuwa nao kwa ajili ya akina mama wanaozidiwa mtaani. Kitu kilichotengenezwa kisipitishe maji ya mama, mvua itafanya nini? Mume wangu kashika ncha, mimi nimebandika. Ameuliza mbona siku hizi namwambia rudia, rudia. Nikamwambia anaongea kwa kumumunya.

Ile sauti isiyo na tumbo nayo nimeiuliza. Muuza spika akasema nimegeuza waya upande mmoja: karatasi moja inasukuma, mwenzake anavuta, ngoma zinauana hewani. Nisahihishe, kila kitu kitakaa sawa. Kila kitu, amesema.

Jumamosi, 8 Machi

Ni kweli, niligeuza. Wa kulia. Plasta zangu ziko sahihi kabisa, ila nilizisoma kichwa nimekiinamisha juu chini, nikachomeka kinyume. Na mimi ndiye ninayewafokea wanafunzi wasome lebo mara mbili!

Nimegeuza waya mbili. Sekunde kumi. Nikawasha.

Sijui niandikeje. Ngoma zilirudi. Hazikurudi masikioni, zilirudi kifuani, kwenye kiti, kwenye usukani. Na mwimbaji akatokea! Yule mwanamke aliyekuwa ametawanyika kama vumbi akajikusanya, akawa mtu mmoja aliyekaa mbele yangu anavuta pumzi. Nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya kila mstari. Machozi yalinitoka, sioni aibu. Waya mbili na karatasi mbili!

Nikamwita mume wangu aje aone. Akakaa kiti cha abiria, akafumba macho. Akatabasamu. Akanyoosha kidole juu ya dashibodi, katikati kabisa, akasema, "Yuko hapa."

Mimi nilimwona kwingine. Kwangu alikuwa kulia, karibu na kioo changu. Nikajiambia ni kwa sababu nimekaa upande huo. Nikamwomba tubadilishane viti. Nikakaa yeye alipokuwa, mlango wa kushoto ubavuni kwangu, spika mpya karibu na goti. Nikafumba macho.

Bado yuko kulia. Amesogea tu pamoja nami.

Mume wangu akaniuliza, "Unamwona? Katikati?"

Nikasema ndiyo, katikati.

Jumapili, 9 Machi

Naandikia ndani ya gari. Kesho zamu ya asubuhi. Wameshanipangia, wajawazito wawili wa kuangaliwa kwa karibu, Matroni ametuma ratiba na kuandika karibu tena, tumekukosa.

Nimefanya ambalo ningelifanya tangu Jumatatu kama si woga. Nimepiga magoti juu ya kiti, uso nyuma, mtu mzima na heshima zangu, nikashikilia kiegemeo. Sasa mlango wa kulia uko kwenye sikio langu la kushoto. Kama kasoro ni ya mlango, upande hafifu utabaki pale ulipo.

Haukubaki. Umegeuka na mimi.

Nikazima spika ya kulia, nikaacha hii ya kushoto peke yake. Nikahamia kiti cha abiria, nikaziba sikio la kulia kwa kidole. Kama mtu anaimba nyumba ya tatu. Nikaweka kiganja kwenye mlango. Unatetemeka! Kila pigo la ngoma linafika kiganjani, safi, halikosi hata moja. Spika nzima kabisa. Nimeifunga vizuri mno, fundi yeyote angejivunia. Niliendelea kuishika mpaka wimbo ukaisha, nikisikiliza kwa mkono. Ni kazi nzuri. Ni kazi nzuri kweli.

Mwenzangu yule wa zamu ana masikio mazuri. Lakini ana miezi minne tu kazini. Nani atamfundisha kungoja, kutokimbilia kushtuka? Na nani atamwambia Matroni? Mimi. Nani mwingine. Kabla ya zamu au baada? Kabla. Ni lazima iwe kabla. Wale wawili hawana kosa lolote.

Nimezima redio. Kimya kizuri. Nimerudi kwenye usukani, vioo vyote nimeshusha, kuna upepo.

Mume wangu ameniita sasa hivi, kwa jina langu la nyumbani. Nikageuka dirishani kwangu, kulia, nimjibu. Hakuna mtu. Ukuta tu na kamba ya nguo. Nikatazama nyuma. Hakuna. Akaita tena. Kumbe yuko kushoto, ameinama dirisha la abiria, mkono wake uko ndani kabisa ya gari, na ameniona ninavyomtafuta.

Ameondoa mkono wake dirishani, anazunguka gari kwa mbele, taratibu, haniondolei macho. Anakuja upande wangu wa kulia, wa sikio zima.