Wanane wa Mnyororo Mmoja

Bomani Morogoro, 4 Juni 1911

Dada Felista, shikamoo. Mama hajambo? Mimi mzima, ila shingo ina vidonda. Kwa kukataa kuchuma pamba ya mzungu nimetiwa mnyororo mmoja na wenzangu saba, kutwa tunabeba mawe ya barabara. Karani Hatibu kanipa karatasi hii. Muulize Padri kama ni kweli alivyotufundisha, kwamba mtu akiwa mwezini huruka juu sana. Mwinjuma wa Mkuyuni, anayefuatana nami kwenye mnyororo, anasema nawadanganya. Ukuta wa gereza letu una urefu wa mikono mitano tu.

Mdogo wako, Fransisko

Matombo, 18 Juni

Mdogo wangu, Tumsifu Yesu Kristu. Mama hajambo, anakusalimu. Padri anasema ni kweli. Mwezi humvuta mtu sehemu moja tu kwa sita ya hapa, na nguvu za miguu ni zilezile. Anayeruka mkono mmoja hapa, kule ataruka sita, tena atashuka taratibu. Nilipomwambia mmefungwa pamoja akasema, "Chuma kule ni chepesi, lakini kikishtuka kinapiga vilevile. Wasiporuka pamoja watavunjana shingo, huko na hapa."

Dada yako, Felista

Bomani, 9 Julai

Dada, shikamoo. Sijui nianzeje. Barua yako niliwasomea wenzangu, wakafurahi sana. Mwinjuma akasema, "Turuke basi, tuuone huo mkono wetu mmoja." Nikahesabu mpaka tatu. Saba tuliruka. Yeye alichelewa, alikuwa anacheka. Mnyororo ukamvuta shingo, ukamwangusha, na siku ya tatu akafa. Alibakiza siku kumi afunguliwe.

Maneno ya mwisho ya Padri sikuwasomea. Niliona wamefurahi. Nenda Mkuyuni kwa mke wa Mwinjuma, Mwanaheri, tafadhali.

Mdogo wako

Matombo, 23 Julai

Mdogo wangu, pole. Nilikwenda. Nimemwambia yote, hata ulichoacha kusoma. Aliuliza, "Alikuwa anacheka kweli?" Nikamjibu ndivyo ulivyoandika. Kisha nikaaga. Pale mlangoni akasema ukifunguliwa uende mwenyewe.

Dada yako

Morogoro, 2 Oktoba

Dada, shikamoo. Mnaendeleaje? Nimefunguliwa wiki tatu sasa, nabeba matofali hapa mjini. Kila Jumapili nafunga mzigo wangu, nafika mtoni, narudi. Barabara ya nyumbani inapita Mkuyuni, mbele ya mlango wa Mwanaheri. Njia ya mlimani bado inapitika?

Mdogo wako

Mkuyuni, 15 Oktoba

Mdogo wangu, sisi wazima. Ya mlimani inapitika. Usiipite. Niko hapa kwa Mwanaheri tangu juzi. Tunalima shamba la Mwinjuma kabla ya mvua, na wawili hatutalimaliza.

Dada yako, Felista