Kidole cha Mwisho

Gjógv, 2 Machi

Mpendwa dada yangu Rannvá,

Hujambo huko Aarhus, na shemeji hajambo? Goti lililokusumbua Krismasi limetulia? Sisi huku tu wazima. Kondoo nao wazima, na lile dume ulilotuachia bado lina kiburi kama mwenyewe.

Umeniuliza habari za mkono wangu wa kushoto. Kidonda nilichojipatia kwa waya wa ua, siku nilipojifanya kijana, kilipona zamani. Ukilitazama kovu utaniona mzushi. Lakini hata shuka ikigusa kiganja, naungua. Jirani yetu Heini anasema nimepata kisingizio kizuri cha kutobeba majani ya mifugo.

Basi nikaenda mjini Tórshavn kwa daktari wa mishipa ya fahamu, binti aitwaye Durita, akanieleza taratibu kama anayelisha mtoto uji. Alisema mshipa ulipokatika, askari wa kinga ya mwili walikimbilia pale kuondoa mabaki na kusaidia kuukarabati. Kazi ikaisha, baadhi yao wasiondoke. Wanazidi kumwaga kemikali zinazouchokoza mshipa, nao unapiga mayowe ya hatari isiyokuwepo. Nikamwambia hao ni wageni wa harusi ya Heini kabisa. Akacheka, akasema shida ni kwamba miongoni mwao wamo wanaoosha vyombo, hivyo huwezi kuwafukuza wote. Dawa ya kuwatuliza tu bado inatafutwa. Kwa sasa amenipa vidonge vya kuupoza mshipa wenyewe, bila kuniahidi kitu.

Nilichokosa zaidi ni dansi. Unalijua duara letu: asiyeshikika mikono yote miwili hana nafasi. Msimu wa pili huu nakaa ukutani na vikongwe, naimba beti zote, miguu ikicheza chini ya kiti.

Jumamosi akaja kwenye dansi Marjun, yule mjane wa kisiwa cha Suðuroy aliyewahi kufundisha shule hapa. Akaniuliza mbona nimeota mizizi. Nikamweleza. Hakunipa pole, aliuliza tu ni kidole kipi kisichouma. Nikamwonyesha kile cha mwisho. Akasema, haya, nyanyuka mzee, leo utaburutwa kwa hicho hicho. Heini akaukamata mkono wa kulia, Marjun akakishika kidole changu kama yai la ndege, tukazunguka wimbo mzima, na unajua nyimbo zetu haziishi upesi. Asubuhi akapanda feri kurudi kwao.

Sasa dada, nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Jana Durita alinipigia simu, akauliza natamani niweze kufanya nini nikipata nafuu. Nikajibu, kushika kondoo wakati wa kunyoa. Akaandika. Si kweli. Natamani Marjun akija kiangazi aushike mkono wote. Na vidonge vikigoma, nitampa mkono hivyo hivyo unavyoungua.

Shemeji asijue, atanitania mpaka kaburini. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na goti lako lifunike.

Nduguyo akupendaye,
Bárður