Njia ya Kwenda Mtoni

Changara, 14 Aprili 2023

Mwanangu Among,

Yoga, nakusalimu. Mguu unaendeleaje? Shangazi yako hapo Busia hajambo? Sisi tu wazima. Simu zangu hushiki, kwa hivyo nimempa Egwang wa bodaboda barua hii, na nimemwambia asirudi bila jibu.

Mvua imeanza. Jana Adeke, jirani yetu, alipigapiga vijiti juu ya kichuguu mchana kutwa, kumbikumbi wakadhani ni mvua, wakatoka tukajaza ndoo mbili. Wako nimewakaanga, Egwang anao. Kule mtoni kwenye mafunjo korongo wenye taji wamerudi, wanarukaruka kama wako arusini. Nilisimama nikacheka peke yangu.

Daktari alisema umepona. Mbona hutaki kuja nyumbani?

Baba yako, Omagor

Busia, 16 Aprili 2023

Papa,

Salamu nyingi. Shangazi mzima. Kumbikumbi nimewala wote, asante.

Ila usiniandikie tena habari za mto. Lile lori la Malaba lilinikata mguu chini ya goti, na huu wa plastiki niliopewa unateleza hata kwenye sakafu ya shangazi. Huko kwetu ni mawe, tope na mteremko. Nilikuwa nikikimbia kwenye ule mteremko na mtungi wa maji kichwani! Nikirudi nitakuwa wa kukaa mlangoni, watu wakipita wanihurumie. Niache hapa.

Binti yako, Among

Changara, 2 Julai 2023

Mwanangu,

Yoga. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Nimekaa kimya muda mrefu, lakini sikukasirika. Nilikuwa na jembe mkononi.

Niliwasomea majirani barua yako. Okiria, yule fundi wa mawe, akasema, "Mzee, kilima hatuwezi kukihamisha. Njia tunaweza kuizungusha." Tangu hapo kila Jumamosi tunachimba. Sasa njia ya mtoni haishuki wima tena, inakwenda polepole ikikata kona, tumeishindilia changarawe, na ubavuni kuna miti ya kushikilia. Adeke aliuliza, "Na akikataa kuja?" Nikamwambia tutaitumia sisi, hata magoti yangu yamezeeka.

Sikwambii uhamie. Njoo uone tu. Ukiichukia, nitakurudisha Busia mwenyewe.

Baba yako

Busia, 5 Julai 2023

Papa,

Hamjambo nyote? Barua yako nimeisoma mara nne. Nakuja Jumamosi. Usimtume mtu yeyote kunibeba. Bado naogopa.

Among

Changara, 21 Septemba 2023

Papa,

Yoga. Huko Tororo ulikokwenda kumuuguza baba mkubwa mnaendeleaje? Amepata nafuu? Ningekupigia simu, lakini hii nataka uisome kwa macho yako.

Jana asubuhi nilimsikia yule ng'ombe wetu mwekundu mwenye mimba akilia chini kwenye mafunjo. Nilimwita Adeke, hakusikia, alikuwa shamba la mbali. Nikashuka na njia yenu hadi inapoishia, halafu nikaingia kwenye tope. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili mguu ulibaki matopeni, nikauchomoa, nikaufunga tena huku nikiwatukana nyote mliowahi kuishi Changara.

Kwato mbili zilikuwa zimetoka nje na ndama amekwama. Nikaketi chini, nikakaza mguu wangu mzima kwenye shina la mti, na kila mama yake aliposukuma, mimi nikavuta. Sijui ilichukua muda gani. Adeke alipofika alinikuta nimelala chali, ndama kwenye mapaja.

"Among! Nani amekuleta huku?"

"Nimejileta."

Alicheka hadi naye akaketi kwenye tope.

Ndama ni jike, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na ameshanyonya. Msalimie baba mkubwa. Kaa naye mpaka apone kabisa, usiharakishe kurudi kwa sababu yangu. Ng'ombe nitawapeleka mtoni mwenyewe.

Binti yako, Among