Mume Wangu Ana Mtoto wa Kulia

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, maana kaka zangu wanakuja kumkalisha mume wangu kikao na mimi nguo zangu nimeshazikunja. Mimi ni msusi, yeye ni fundi majokofu, hatukuwa na neno mpaka alipoitwa kutengeneza friji la mama mmoja anayefundisha piano, friji likapona lakini fundi hakuacha kwenda, eti amesikia muziki mtamu na yeye anataka kujifunza, mwanamume mzima ambaye hata harusini anapiga makofi nje ya mdundo! Nikasema haya, tuone.

Akanunua kinanda cha umeme, kila jioni anakaa nacho sebuleni amevaa hedifoni, mimi nasikia vidole tu vinagonga plastiki na yeye anatabasamu peke yake, kucha anazikata kila mara kama daktari wa upasuaji, nikimwambia achomoe na mimi nisikie ananipigia vitu havina mwanzo wala mwisho, havichezeki, haviimbiki, nikiuliza huu ni wimbo gani ananijibu eti ni picha ya maji yanavyometameta, mshauri, tangu lini picha ikapigwa kwa vidole? Muda wote huo hajui hata wimbo mmoja, sasa huko anakokwenda anafundishwa nini?

Juzi nikamsikia uani anaongea na huyo mama kwa simu, kwa sauti laini ambayo mimi niliisikia mara ya mwisho enzi za uchumba, "Leo mama alitulia, mwalimu, mtoto akasikika vizuri." Jana akiwa bafuni simu ikaita, nikapokea nikanyamaza, yule mama bila hata salamu akasema, "Usisahau, mtoto ni wa kulia, mama ni wa kushoto, na huyo mama usimwachie, atamfunika mtoto." Kumbe nina mke mwenza wa pembeni, na kitoto chenyewe cha kulialia! Nimemwambia wifi, nimewaambia wateja saluni, wote wanasema niondoke. Niondoke, au nisubiri kikao?

Msusi mwenye mashaka

Bibie, rudisha nguo kabatini, halafu ukae chini. Nilipoanza kusoma barua yako nikasema huyu bwana kwisha habari yake, maana nimeshaona wanaume wengi wa kwenda "kujifunza". Nikampigia mpiga piano mmoja ninayemfahamu, nikamsomea maneno ya simu. Alicheka mpaka akapaliwa. Mtoto ni mkono! Mkono wa kulia ndio unaoimba. Wa kushoto ndio mama, unabembeleza chini chini, na ukigonga kwa nguvu mtoto hasikiki. Muziki wa namna hiyo hauna ngoma ya kuifuata, unatiririka tu, na mwanafunzi anaufanyia mazoezi mkono mmoja mmoja, kipande kwa kipande, ndiyo maana husikii mwanzo wala mwisho. Kucha nazo zikiwa ndefu zinagongagonga. Kwa hiyo mke mwenza wako ana vidole vitano tu, na mwanawe vitano.

Hata hivyo, mimi siapi kwa niaba ya mwanamume yeyote. Simpendi mtu anayetabasamu ndani ya hedifoni na mkewe amekaa hapo hapo. Sauti laini kumbe anayo, ila anaimalizia kwenye mazungumzo ya mkono wake wa kushoto. Hilo ndilo linalokuuma, na una haki ya kuumia. Lakini na wewe! Unapokea simu ya mtu unabana pumzi kama mwizi? Loo, aibu nimeona mimi.

Sasa nisikilize. Kaka zako wapigie leo, wasije. Jioni vuta kiti karibu yake, achomoe hizo hedifoni, akuonyeshe mtoto ni yupi na mama ni yupi, kisha umwambie ulichokuwa unakidhania, chote, hata kama atacheka. Siku ya darasa nenda naye, ukamwone huyo mwalimu kwa macho yako. Akikukatalia, niandikie tena, nitakuja mwenyewe kukusaidia kukunja nguo. Umemwambia wifi, kaka zako, saluni nzima, mimi, na sasa kila anayesoma ukurasa huu. Asiyejua ni mumeo peke yake. Mwambie kabla hajanunua gazeti.